Kidonge cha kuua njaa kikifanya kazi haraka, ogopa



Leo tuongelee vidonge vya kukata hamu ya kula. Hivi sasa ukipita Kariakoo, au ukifungua simu tu, lazima ukutane na mtu anayekuuzia: "Meza kimoja asubuhi, njaa huisikii mpaka jioni. Asilia kabisa, hakina madhara." Na wanunuzi wapo, tena wengi. Ni dada wa benki, kaka mwenye kitambi cha ofisini, na hata wale wa mbali na mji. Binamu yangu ni mwalimu huko kwetu Daudi, Mbulu. Send-off yake ni Desemba, na gauni limegoma kufunga zipu. Akanipigia: "Kaka, wewe uko Dar, nitafutie vile vidonge uniwekee kwenye basi."

Sikumcheka, na nyinyi msimcheke. Unene umeongezeka kweli nchini. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa mwaka 2004/05 wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18. Ilipofika 2015/16 walikuwa asilimia 28. Na presha na kisukari huwa havichelewi kufuata nyuma.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wapenda jogging hatupendi kulisikia. Wilayani kwetu, bonde la Yaeda Chini, wanaishi Wahadzabe, ambao wenzao wengine wako huko huko kuelekea Ziwa Eyasi. Hawa ni watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili ya Wahadzabe inatumia kwa siku. Wengi wangetegemea wakute inatumia nguvu nyingi kuliko ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Lakini walipozingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana! Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, usiyaache. Ila kwenye kupungua uzito, sahani ina sauti kubwa kuliko miguu.

Sasa kama tatizo liko kwenye sahani, akija mtu na kidonge cha kukusahaulisha sahani utaachaje kumsikiliza? Mvuto wake naufahamu vizuri. Ninachouliza mimi ni kwamba, hicho kidonge kinapita njia gani?

Njaa haikai tumboni peke yake, amri yake inatoka kwenye ubongo. Muulize mtu aliyewahi kutafuna mirungi atakusimulia: njaa inapotea, usingizi unapotea, na moyo unakwenda mbio. Vyote vinakuja pamoja. Kemikali iliyo kwenye mirungi ni ndugu wa karibu wa amfetamini, na amfetamini ndiyo iliyokuwa miongoni mwa dawa za kwanza za kupunguza uzito huko Marekani. Kwa hiyo kitu kinachozima njaa kwa njia hiyo kinagusa pia presha na mapigo ya moyo. Huwezi kununua kimoja ukakiacha kingine dukani.

Na historia ipo. Fenfluramine ilipendwa sana Marekani, ikaondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu valvu za moyo. Ikaja sibutramine. Ilijaribiwa kwa watu wapatao 10,000, wengi wao wakiwa tayari na ugonjwa wa moyo au kisukari, ikaonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2010 Ulaya ikaisimamisha na Marekani ikaiondoa.

Mnadhani iliishia hapo? Wapi! Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi ndani ya vidonge, chai na kahawa za kupunguza uzito ambazo pakiti zake zimeandikwa "mitishamba". Mnunuzi anameza dawa iliyofukuzwa, bila kujua jina lake wala kipimo chake.

Ndiyo maana nasema, kidonge cha "asilia" kisipofanya kazi umepoteza hela tu. Kikikata njaa siku ya pili, hapo ndipo pa kuogopa. Jiulize ndani kuna nini.

Naomba nieleweke, sisemi kila dawa ya uzito ni sumu. Leo kuna sindano za semaglutide ambazo madaktari wanaziandika na zinasaidia watu. Nazo zina madhara yake, kichefuchefu na kutapika vikiwemo, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia. Tofauti ni kwamba kwa daktari dawa ina jina, ina kipimo, na kuna mtu anayekupima presha kabla na baada.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, uliza maswali matatu. Ndani kuna kemikali gani? Imesajiliwa TMDA? Moyo wako umepimwa na nani? Muuzaji akianza kukuonyesha picha za "kabla na baada" badala ya kujibu, funga pochi uondoke.

Binamu nimemwambia hayo hayo, na vidonge sijatuma. Kanuna kidogo, lakini kakubali kwenda kupima presha kwanza.

Inaniuma kwamba binti mwenye afya yake anaweza kuhatarisha moyo kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja, na sisi ndugu na marafiki ndio tunaomwambia "mbona umenenepa hivyo" kabla hata ya salamu. Gauni likibana, fundi wa mtaani analipanua kwa jioni moja. Valvu ya moyo haina fundi wa mtaani.

Wewe unaonaje?