MEZA YA JAMAA: Kibuku cha Chicago

Mwezi huu niliulizwa swali ambalo sikulitazamia. Kijana mmoja wa kwaya yetu amemaliza masomo ya upishi, na ameitwa kazi katika resto kubwa mjini. Bosi wake anataka mambo mawili ndani ya nyumba moja: chakula cha bei ya juu, na mapipa ya kujipikia bia, kidogo kidogo, si bia ya usine. Kijana akaniambia: "Baba Pasta, mi nitakuwa ku jikoni tu. Ni zambi?"

Akanionyesha kwenye telefone habari za mji wa Chicago, Marekani. Huko nyumba moja iitwayo Band of Bohemia ilifunguliwa 2015, na mwaka uliofuata ikapewa nyota ya Michelin. Ndiyo, Michelin hiyo hiyo ya pneu! Tangu 1900 wanatoa kitabu cha kuongoza wasafiri, na tangu 1926 wanatoa nyota kwa resto zinazopita zingine. Hakuna nyumba yenye kujipikia bia iliyokuwa imepata nyota mbele yake. Ilifungwa 2020. Nyingine ya mji ule, Moody Tongue, ilipata nyota 2. Mpika bia wake alisomea kwanza kazi ya jikoni. (Sisi wa Shule ya Biblia tukisikia Chicago na Moody tunafikiri mwinjilisti D. L. Moody, ambaye shule yake iko huko tangu 1886. Hapana, si ya kwake.) Na ni nchi ile ile ambako Waprotestanti walipigania sheria ya kukataza pombe. Ilidumu tangu 1920 mpaka 1933, na huko Chicago ikatajirisha majambazi kama Al Capone.

Nilisoma namna wanavyoipika, nikacheka. Nafaka inaloweshwa mpaka iote, inakaushwa, inasagwa, inachemshwa na maji, halafu inaachwa ichachuke. Wao wanatumia shayiri na maua machungu ya hubloni. Mama zetu wanatumia mtama ao mahindi. Ni kibuku tu, wapenzi, kilichovaa kravati!

Lakini jambo moja lilinishika. Kule kila sahani inaletwa na glasi yake ndogo, iliyochaguliwa ipatane na samaki ao nyama ile, na bibi ameketi mbele ya bwana wake. Hapa kwetu, mwisho wa mwezi, glasi iko nganda na sahani iko nyumbani. Musiniambie kwamba nganda pia inauza michopo, ninajua. Nani anakula michopo ile? Baba na rafiki zake. Nyumbani bukari inapoa, watoto wanakula sombe bila samaki, na mama anasikiliza mlango. Nimezika baba wa namna hii, nimeona pia bibi yake akitafuta pesa za sanduku kwa majirani. Kwa hiyo sitasema bia ni kitu chema kwa sababu imepewa nyota.

Nikamjibu kijana kwa watu wawili wa Biblia. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, alishika kikombe cha divai kila siku, na mikono ile ile ikajenga ukuta wa Yerusalema. Danieli naye alikataa meza ya mfalme. Wote wawili walimpenda Mungu. Nikamwambia: "Enda, upike. Lakini siku ile utaanza kuonja usiku kisha kazi, uje kwangu mbele ya kwenda nyumbani."

Mama yake alikuwa ameketi pale, kimya. Baba wa kijana alipopoteza kazi ya mgodi, mama huyu alipika kibuku nyuma ya nyumba, akauza kwa kopo. Sisi wa kamati ya kanisa tulimtenga na Meza ya Bwana miezi 6. Nilitia sahihi mimi mwenyewe. Wala hatukumuuliza pesa ile inaenda wapi. Ilikuwa inanunua madaftari ya kijana huyu.

Nilipomaliza kusoma habari za Chicago, akauliza neno moja tu: "Pasta, na wale benye kuipika kule, kanisa yao inabatenga miezi ngapi?"

Sikumjibu. Siku ya Pili nitapeleka jambo lake mbele ya kamati, hata kama ni kisha miaka mingi.