WATOTO WALIOTOKA PORINI NI WETU



Juma lililopita, siku ya kupokea kahawa, kijana mmoja alileta ndoo mbili za kahawa ya mama yake pale kituo cha kuosha. Wote tunamjua. Alikamatwa njiani akitoka sokoni akiwa na miaka 13, akabebeshwa mizigo, baadaye akapewa bunduki. Sasa amerudi, ana miaka 17. Alipokaa kwenye benchi, waliokuwa wamekaa wakasimama. Mmoja akasema: "Huyu njo ule alikulaka mbuzi zetu." Ndoo zake zikasukumwa nyuma, akapimiwa wa mwisho, giza limeshaingia. Hakujibu neno. Na sisi wa kamati tulikuwa pale, tukanyamaza. Kwa hiyo lawama tunayoandika leo tunaanza nayo wenyewe.

Tukumbuke kwamba jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1996, vita vya AFDL vilipopita hapa Kivu, watoto waliingizwa jeshini wakaitwa "kadogo". Walitembea mpaka Kinshasa, na Mobutu akaanguka Mei 1997. Jina lilikuwa la kubembeleza, lakini kazi ilikuwa ya kuua na kuuawa. Tangu hapo vikundi vingi vimechukua watoto. Wengine walikamatwa njiani, wengine walifuata chakula, wengine walikuwa na hasira ya wazazi waliouawa. Na wengine, tusifiche, walipelekwa na wakubwa wa vijiji wenyewe, eti wakalinde mashamba. Vita vilivyoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025 vimeongeza tena hatari hiyo.

Sheria inasema nini? Sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumwingiza jeshini au katika kikundi cha silaha mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Na Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga wa Ituri na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Akafungwa miaka 14. Tuangalie vizuri nani alihukumiwa: ni mkubwa aliyewachukua. Mahakama ile haina hata ruhusa ya kumshtaki mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kosa. Basi sisi pale kwenye benchi tulimhukumu mtoto kwa sheria gani?

Tunajua wapo kati yetu waliopoteza. Yupo mama aliyechomewa nyumba. Yupo mzee anayelilia mwanawe mpaka leo. Hatuwaambii wasahau. Tena wapo wanaosema: "Mutoto wangu alibakia hapa, analima, hakuiba kitu. Juu ya nini ule wa bunduki njo bapatie mbuzi?" Swali hili ni la haki, lisidharauliwe. Msaada ukimfikia aliyeshika silaha peke yake, unaleta wivu, na wadogo wanajifunza kwamba bunduki ni njia ya kupata mali.

Lakini kumfukuza si jibu. Kituo cha mjini kinampokea mtoto kwa miezi michache: anatibiwa, anatafutiwa familia, anapewa cheti cha kutoka jeshini. Cheti hicho ataonyesha askari barabarani. Jirani anayemgeuzia uso, atamwonyesha nini? Kazi inayobaki ni ya miaka, na ni ya kijiji. Katika kijiji jirani vijana wawili walirudi porini. Si kwamba walipenda vita, walichoka matusi na njaa. Siku wakitumwa kwao usiku, njia zote wanazijua, na kila mlango wanaujua.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi:

1. Kituoni kuwe na mstari mmoja. Aliyefika wa kwanza apimiwe wa kwanza, na kilo yake iwe kilo.

2. Miche ya kahawa ya vijana igawanywe wawili wawili: mmoja aliyerudi, mmoja ambaye hakuondoka. Walime shamba moja kwa pamoja, na kiingilio walipe kwa mavuno. Hivyo hakuna atakayesema bunduki imelipwa.

3. Waliopoteza wasikilizwe kwanza. Wazee wakalishe familia mbili pamoja. Kijana akikubali kusaidia kulima au kujenga kwa aliyeumizwa, iwe kwa mapatano. Isigeuzwe kuwa utumwa.

4. Wasichana wasisahauliwe. Hao hurudi kimya kimya, wengine na mtoto mgongoni. Wengi hawakushika bunduki: walipikishwa, walibebeshwa, walifanywa wake za wakubwa kwa nguvu. Kwa hiyo mara nyingi hata kwenye orodha hawamo. Ripoti ya shirika moja ya mwaka 2017, iliyokusanya maneno ya wasichana wa namna hii hapa Congo, ilionyesha kwamba dharau ya nyumbani iliwaumiza sana, na kwamba wengi walitamani shule. Wamama wa likirimba wawafungulie nafasi. Na tuache kabisa kuwauliza mbele ya watu baba wa mtoto ni nani.

Mapendekezo haya hayataki pesa nyingi. Miche tunayo, mzani tunao, wazee tunao. Kinachotakiwa ni moyo. Wazee wetu walisema, mtoto akikunyea mkononi, mkono haukatwi, unaoshwa.

Anayepinga aje Jumamosi aseme mbele ya wote, tumsikilize. Kila mwenye kadi ana kura moja. Lakini siku ya kupokea kahawa ijayo, bila kungoja kura, sisi wa kamati tutakaa kwenye benchi ile pamoja na kijana yule. Nafasi ipo, njooni mkae.

Kamati ya Gazeti la Ukutani