Nembo ya Kilimo Hai: Inatuambia Nini Hasa?

Mfikirie mama mmoja amesimama dukani mjini, mwisho wa mwezi, mbele ya vifurushi viwili vya karafuu za Pemba. Kimoja ni mfuko mweupe usio na maandishi. Cha pili kina picha ya kupendeza na maneno "kilimo hai", na bei yake ni maradufu. Fedha aliyo nayo mkononi ndiyo hiyo hiyo ya kitoweo. Je, achukue kipi?

Ili kumsaidia, yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kilimo hai ni kurutubisha ardhi kwa samadi, mboji na majani yaozayo, na kuacha kabisa mbolea za chumvichumvi na dawa za viwandani za kuulia wadudu na magugu. Hilo ni la kwanza. La pili ni uthibitisho, yaani ushahidi wa mtu asiye muuzaji wala mnunuzi, aliyefika shambani akajionea mwenyewe.

Twende Konde, kaskazini ya Pemba, wakati wa mavuno. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, huchambuliwa vikonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi. Mkulima aliyerithi mikarafuu kwa babu yake, na asiyepata hata siku moja kuitia mbolea ya chumvichumvi, aweza kudhani kwamba anastahili nembo papo hapo. Sivyo. Hana budi kuonyesha mipaka ya shamba lake, kuweka daftari la kazi na mavuno, kueleza jirani yake anapuliza nini, na kuhakikisha kwamba magunia yake hayakupata kubeba dawa. Kwa kanuni za Ulaya, shamba la mimea ya kudumu kama mikarafuu huhesabiwa muda wa mpito wa miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza kuitwa ya kilimo hai, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka.

Kazi hiyo ina gharama ambayo mwenye miti michache hawezi kuibeba peke yake. Ndiyo maana wakulima wadogo hujiunga katika kundi, wakakaguana wenyewe, kisha mkaguzi wa nje akaja kupima kazi yao. Kanuni mpya za Ulaya, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2022, zimeweka kikomo cha wanachama 2,000 kwa kundi moja. Hapo uongo wa mtu mmoja waweza kuwaponza wenzake wote.

Utaratibu huu haukuzuka jana. Shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, liliundwa nchini Ufaransa mwaka 1972. Jumuiya ya Ulaya ilitunga kanuni zake mwaka 1991. Nasi Afrika Mashariki tulipata kiwango chetu wenyewe mwaka 2007, pamoja na nembo yake iitwayo Kilimohai.

Hata hivyo, yafaa kuuliza ushahidi huo unahusu kitu gani. Wanywaji wa divai huko Ulaya walilijua jambo hili vizuri. Hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2012, chupa iliruhusiwa kusema tu kwamba divai ile imetokana na zabibu za kilimo hai. Shamba lilikuwa na masharti yake, lakini kazi ya kutengeneza divai yenyewe haikuwa imewekewa kanuni. Vivyo hivyo kwa viungo: shamba safi pekee halitoshi iwapo ghala, mashine ya kusagia na ufungaji havikukaguliwa.

Wala nembo haisemi kila kitu. Haisemi kwamba karafuu imekauka sawasawa, kwamba ina harufu kali, au kwamba inaponya maradhi. Karafuu yenye nembo yaweza kuwa imevunda kwa unyevu, na ile ya mfuko mweupe ikawa bora. Tena, kukosa nembo si ushahidi wa sumu. Huenda mkulima wake hakupata fedha ya ukaguzi.

Basi mama yetu afanye nini? Agee kifurushi kile cha bei kubwa, asome nyuma. Je, limetajwa jina la chombo kilichothibitisha, pamoja na nembo au namba yake? Kama yapo, ile bei ya ziada ina sababu: amelipia ukaguzi, na huenda amemwezesha mkulima kuendelea kuitunza ardhi yake. Kama hakuna ila picha na maneno matamu, amwulize mwenye duka ushahidi u wapi. Akikosa jibu, achukue ule mfuko mweupe, aunuse, aikague karafuu kwa macho, kisha akanunue kitoweo kwa fedha iliyobaki.

Nawe uliye Konde, unayenunua kwa mtu unayemjua na shamba lake walijua, wewe ndiwe mkaguzi. Usione haya kumwuliza anatia nini shambani. Mkulima mwaminifu hufurahi kuulizwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.