Vita dhidi ya unga vyawagawanya majirani Mombasa

MABARAZA ya usalama katika mitaa ya Kisauni, Likoni na Mji wa Kale, Mombasa, huanza kwa sauti moja na aghalabu huishia kwa ugomvi. Kila mkazi anayesimama hulaani wizi na dawa za kulevya. Mfarakano huzuka pale chifu anapouliza kifanyike nini. Mmoja hutaka maskani ya mateja yabomolewe usiku huo huo, mwingine ana mwana ndani ya maskani hayo, na wa tatu huinamisha kichwa kwa kuwa yeye na anayeuza unga wamepakana ukuta.

Huo si mvutano baina ya wanaochukia uhalifu na wanaoutetea, ijapokuwa ndivyo wanavyotuhumiana. Wote wameibiwa. Tatizo ni kwamba kila hatua inayopendekezwa ina gharama yake, nayo haiwalemei majirani wote kwa uzito mmoja.

Wanaotaka polisi waitwe wana hoja nzito. Mtumiaji wa heroini hahesabu siku, bali saa. Muda mfupi baada ya kete kumwisha nguvu, arosto humshika. Mwili humuuma, tumbo humkata, na fikira zake zote huelekea kwenye kete inayofuata. Sufuria iliyosahauliwa uani, viatu vilivyoanikwa barazani au bomba la maji huondoka alfajiri, na jua likichomoza mali hiyo imeshafika kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. (Ajabu ni kuwa mnunuzi huyo hatajwi sana barazani, ilhali tangu 2015 Kenya ina sheria inayomtaka awe na leseni.) Mama aliyeibiwa sufuria mara tatu hawezi kuambiwa astahimili hadi mwizi wake apone.

Hata hivyo, msako huwanasa wale wasioweza kukimbia. Teja hupatikana na kete mfukoni, mwenye mzigo asionekane. Tangu 1994 sheria ya mihadarati imeruhusu mlanguzi afungwe maisha, lakini wakubwa wa biashara hii hawalali maskanini. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini katika bahari mbali na pwani ya Kenya. Julai mwaka huo huo, meli ya Al Noor ilizuiliwa, ikapatikana na zaidi ya kilo 370 za heroini, na mwishoni mwa Agosti ikalipuliwa baharini. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, Baktash na Ibrahim, walipelekwa Marekani Januari 2017, na ni mahakama ya New York iliyowahukumu: mmoja miaka 25 gerezani mwaka wa 2019, mwingine 23 mwaka wa 2020. Mkazi aliyeyashuhudia hayo ana haki ya kuuliza ni kwa nini mtaani kwake karandinga hujazwa vijana waliokonda peke yao.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao wazee wa mitaa wameshindwa kuutatua. Vijana wanaovamia maduka kwa mapanga si lazima wawe ndio wanaojidunga unga. Desemba 2016 serikali ilipiga marufuku makundi karibu 90 ya wahalifu nchini, yakiwemo ya Mombasa yaliyosajili wavulana wenye umri wa kwenda shule. Kijana wa panga ana mbio, ana wenzake na ana kiongozi anayemtuma. Teja aliyebobea hana hata nguvu ya kuruka ua. Ghadhabu ya uvamizi wa mapanga inapomwangukia teja aliyelala chini ya mwembe, anayepigwa ni aliye karibu, si aliyetenda.

Wenye wana maskanini hutetea tiba, nao hawajaungwa mkono kwa urahisi. Serikali ilipotangaza mwaka wa 2012 mpango wa kuwagawia watumiaji sindano safi ili kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, viongozi wa dini Pwani waliupinga wakisema ni kuhalalisha haramu. Methadone ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na Kisauni. Dawa hii hunywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na hutuliza arosto kwa muda wa saa 24 au zaidi. Asiye na arosto hana haja ya sufuria ya jirani. Hilo ndilo jibu bora zaidi kwa yule mama, ingawa hakuna anayelitaja kama hatua ya usalama.

Tiba nayo ina majirani zake. Kliniki inayohudumiwa kila siku hukusanya kila asubuhi watu ambao mtaa mzima unawaogopa, na wauzaji wa kete wanajua pa kuwasubiri. Wenye nyumba na maduka hulalamika, na malalamiko yao si ya uongo.

Anayenyamaza barazani ndiye mwenye habari muhimu kuliko wote, na ndiye asiyelindwa. Mpango wa Nyumba Kumi, uliosukumwa na serikali baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ulidhani kwamba majirani wakijuana watasemezana na polisi. Pwani majirani wanajuana kupita kiasi. Anayelitoa jina la muuzaji hajui litapitia masikio mangapi kabla ya kumfikia ofisa asiyehongeka, lakini anajua kwamba muuzaji akiachiliwa kwa dhamana atarudi nyumba ile ile. Sheria ya kuwalinda mashahidi ya 2006 ilitungwa kwa ajili ya wenye kesi, si kwa mzee anayenong'ona baada ya sala ya alfajiri. Kumwita mtu huyo mwoga, kama wanavyofanya baadhi ya maofisa, ni kumtaka aubebe peke yake mzigo ambao idara yenye bunduki imeshindwa kuubeba.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, miradi mingi ya ushauri na vituo vya mateja vilivyoitegemea vilitikisika. Mwenye nia ya kuacha unga kutoka Likoni bado hulazimika kuvuka feri kisha apande matatu hadi Kisauni, au ashuke hadi Kombani, Kwale, kila siku ya Mungu. Feri ni bure kwa mtembea kwa miguu. Matatu si bure, naye hana kazi. Kila mtaa unaoikataa kliniki mpya unamwongezea nauli hiyo, na majirani wanafahamu vyema ni wapi ataitafuta.