Karatasi Zisizofaa Kuwashia Jiko

Mjini Kabuga, katika tarafa ya Rusororo, mashariki ya Kigali, majiko ya makaa huwashwa alfajiri, kabla barabara ya Rwamagana haijajaa magari. Katika nyumba moja ya huko, mama alikuwa na desturi ya kuokota karatasi zilizokunjwa chini ya kitanda cha bintiye na kuziwashia jiko. Zilikuwa na mistari ya penseli iliyofutwafutwa: mkono usio na vidole, birika lisilo na mpini. Machoni pake zilikuwa taka. Michoro iliyokamilika, ile yenye rangi, aliitunza kabatini na kuwaonyesha wageni kwa fahari. Binti alipoanza kukusanya kazi zake ili aombe nafasi katika chuo cha sanaa, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya vilivyotakiwa ilikwisha kuwa majivu.

“Mama, wanataka kuona na zile zilizoharibika,” alisema.

“Zilizoharibika za nini, mwanangu?”

Swali hilo ni la haki. Anayeomba kusomea uhasibu hupeleka cheti chake cha mtihani, na mambo yakaishia hapo. Mwombaji wa sanaa, mbali na cheti, aghalabu hudaiwa mkoba wa kazi, yaani mkusanyo wa michoro yake mwenyewe, mara nyingi kati ya 10 na 20, pamoja na daftari la majaribio. Walimu wa chuo hawamtafuti fundi aliyekwisha kamilika, kwani huyo angewaendea kwa haja gani? Wanamtafuta mtu anayefundishika, na mchoro uliong’arishwa hauonyeshi hilo. Huonekana katika karatasi tatu za mkono ule ule: wa kwanza umepinda, wa pili una vidole virefu mno, wa tatu umeanza kuwa mkono. Kwa hiyo majaribio na yahifadhiwe kwa mfuatano, na kila moja liandikwe tarehe.

Kosa la pili ni la vijana wenyewe. Wengi hujaza mkoba kwa sura za waimbaji na wachezaji wa mpira zilizonakiliwa kutoka katika picha za simu. Kazi hizo huwa safi, na majirani huzisifu. Lakini kamera imekwisha kufanya nusu ya kazi, kwa kuwa ndiyo iliyochagua pembe na mwanga. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, Uganda, mnamo 1937, hakutaka wanafunzi wake wanakili michoro ya Ulaya. Aliwahimiza wachore maisha waliyoyafahamu. Kijana wa Kabuga hana haja ya kwenda mbali. Soko lipo, vilima vipo, na malori yaendayo Rusumo mpakani mwa Tanzania hupita mbele ya macho yake. Birika la mama, likichorwa mara tano katika saa tano mbalimbali za siku, lina thamani kuliko nyota wa muziki asiyemjua.

Wengine huweka mkobani imigongo, ile sanaa ya Kirehe inayotengenezwa kwa kinyesi cha ng’ombe kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa kuwa matuta juu ya ubao na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni jambo jema, ila kurudia ruwaza zilizokwisha kujulikana hakutoshi. Mwombaji na aonyeshe pia jinsi alivyopanga mistari yake, na aweze kueleza kwa nini aliibadili.

Siku hizi vyuo vingi hupokea picha za kazi kwa njia ya intaneti, na hapo ndipo kazi nzuri huharibiwa na picha mbaya. Mchoro ubandikwe ukutani kivulini, karibu na mlango ulio wazi, mchana, pasipo jua kali wala mwanga wa taa ya simu. Simu ielekezwe sawasawa na katikati ya karatasi ili kingo zisipinde. Rangi zisiongezwe uzuri kwa mapambo ya simu. Imigongo yataka kinyume kidogo: mwanga utoke upande mmoja, ama sivyo matuta yatapotea na ubao utaonekana bapa.

Kazi zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimelala baina ya katoni mbili, mbali na sakafu yenye unyevu na mchwa. Zisiviringishwe. Mchoro wa makaa uwekewe karatasi nyembamba juu yake usifutike. Dawa ya kupulizia nywele huushika, ijapokuwa baada ya miaka yaweza kuufanya wa manjano. Nyuma ya kila kazi, kwa penseli laini, paandikwe jina la kazi, vifaa, vipimo kwa sentimita na mwaka. Kisha kazi dhaifu ziondolewe bila huruma, maana 12 zilizo imara zashinda 20 zenye 8 za kuombea radhi. Hata hivyo masharti ya chuo husika ndiyo yatangulie ushauri wowote.

Baba wa nyumba ile alikuwa na shaka yake: je, mchoraji atakula nini? Si shaka ya kupuuzwa, kwani karo ni fedha ya jasho. Yafaa hata hivyo ajue habari za Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma uchoraji Makerere, akaendelea London, kisha akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza baada ya uhuru wa 1961. Si kila mchoraji atakuwa balozi, baba huyo atajibu, naye atakuwa na haki. Lakini alinunua daftari.

Ilibidi binti aanze upya, ikiwa imesalia miezi mitatu. Mama alikubali kuketi nusu saa kila jioni ili achorwe, kwa sharti kwamba asichorwe amejifunga kile kitambaa chake chakavu cha kichwani. Jiko sasa huwashwa kwa magunzi ya mahindi, nayo hufuka moshi kuliko karatasi.