Vita ya kikabila, au vita ya mashamba?

Barthélemy Bisengimana aliongoza ofisi ya Rais Mobutu kuanzia 1969 hadi 1977. Januari 1972 ilitoka sheria ya kuwapa uraia wa Zaire watu wa asili ya Ruanda-Urundi walioishi Kivu tangu kabla ya 1960. Novemba 1973 Mobutu akachukua mashamba ya wageni, wakubwa wakagawana. Katika miaka hiyo Bisengimana akawa mwenye malisho ya Osso, kule Masisi. Wenye jamaa Kinshasa walipata hati. Aliyelima kwa ruhusa ya mwami hakuwa na karatasi yoyote.

Mwaka 1981 sheria ile ikafutwa. Wenye hati walibaki na ng'ombe wao. Mnyarwanda maskini, asiye na hata ndama, ndiye aliyeamka bila uraia. Na jirani yake Mhunde alikuwa amekwisha kusukumwa pembeni. Machi 1993 damu ikamwagika sokoni Ntoto, na soko si mahali pa matajiri.

Sisi tunaandika "vita ya kikabila", hata kwenye tasnifu. Mimi pia niliandika. Wenzangu mnaokwenda Masisi kurekodi wazee mwaka huu, kabla ya kuuliza kabila, ulizeni shamba lilikuwa la nani.