Neno la Juma Hili: “Meal”, Unga au Mlo?

Katika mji mdogo wa Kalokol, karibu na ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, neno la Kiingereza “meal” huweza kuonekana mahali patatu kwa siku moja. Dukani limeandikwa juu ya pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2. Shuleni huandikwa katika barua zihusuzo chakula cha watoto. Zahanatini huandikwa juu ya bahasha ndogo ya vidonge. Kwa macho neno ni moja, na herufi zake ni nne tu, lakini mambo yanayotajwa ni mawili yasiyofanana. Ajuaye maana moja tu, akaipeleka kila mahali, aweza kupata hasara ya fedha, na pengine hasara ya afya. Kwa sababu hiyo yafaa neno hili lichunguzwe kwa makini.

Asili yake ni hii. Hapo kale Kiingereza kilikuwa na maneno mawili mbalimbali, kila moja na ukoo wake, ambayo kwa kupita kwa miaka mingi yalikuja kufanana katika matamshi na katika maandishi. Ukoo wa kwanza ni wa kusaga. Neno hilo ni ndugu wa “Mehl” la Kijerumani, maana yake unga, na ndugu wa mbali wa “mill”, yaani kinu. Ukoo wa pili ni wa kupima. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya kipimo, au wakati uliowekwa. Ndugu yake katika Kijerumani ni “Mal”, na hata leo maana yake ni “mara”, kama mtu asemapo mara moja au mara mbili. Basi mlo uliitwa “meal” kwa sababu ya saa yake, wala si kwa sababu ya kitu kilichomo chunguni.

Maana ya kwanza, ile ya kusaga, ndiyo iliyo juu ya pakiti ya dukani. “Maize meal” ni unga wa mahindi, na “sifted maize meal” ni unga wa mahindi yaliyokobolewa na kuchekechwa. Neno “flour” nalo ni unga, lakini Waingereza hupenda kulitumia kwa unga laini, hasa wa ngano, na “meal” kwa unga wenye chenga. Katika Kenya desturi hiyo haishikwi sana, na maneno hayo mawili huandikwa kwa unga ule ule wa ugali. Kadhalika katika Uingereza “oatmeal” ni unga wa oti, ambao hupikwa uji. Na katika Marekani “cornmeal” ni unga wa mahindi. Mifupa ikisagwa huitwa “bone meal”, nayo hutiwa shambani kuwa mbolea.

Hapa yapasa kutahadhari na neno “mealie”, ambalo msomaji hulikuta katika habari za Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe. Wengi hudhani kwamba ni mtoto wa “meal”, na sivyo. Lilitoka kwa Wareno, ambao huita mahindi “milho”, likapita kwa Makaburu, ndipo likaingia katika Kiingereza. Kwa hiyo “mealie meal” si kurudia neno moja mara mbili, bali ni unga wa mahindi. Hata Kiswahili hakikosi jambo kama hilo, kwani jina “mahindi” laelekeza Uhindi, na hali nafaka yenyewe asili yake ni bara la Amerika.

Maana ya pili ni mlo. Na iko kanuni moja rahisi itakayomsaidia karani kuzitenga maana hizi mbili. Unga hauhesabiki mmoja mmoja, bali hupimwa kwa kilo au kwa debe. Kwa hiyo “meal” ya unga haitanguliwi na “a”, wala haiongezwi “s” mwishoni. Mlo huhesabika: mmoja, miwili, mitatu. Kwa hiyo mtu husema “a meal”, “two meals”, “three meals”. Palipo na “a” au “s”, kwa kawaida msomaji na afikirie mlo. Yasipokuwapo, na jina la nafaka, la mifupa au la samaki likitangulia, na afikirie unga.

Kanuni hiyo ni ndogo, lakini pale Kalokol, mji wa samaki, ina thamani. Chukua mfano wa karani wa chama cha wavuvi anayemwandikia mwenye hoteli mjini Kitale kwamba chama chaweza kumpatia “fish meal”. Nia yake ni kusema samaki wa kupikiwa wageni, labda sangara au ngege. Lakini yule asomaye ataona habari ya unga wa samaki, ambao huchanganywa katika chakula cha kuku na nguruwe, na ama hatajibu, ama atajibu kwa bei ya chakula cha kuku. Kama angeandika “fish for meals”, pasingalikuwa na shaka. Herufi moja tu yaweza kutenganisha meza ya wageni na banda la kuku.

Sasa, mlo ni kitu gani hasa? Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya mtu aliyekula viazi, ndizi na hata nyama, akiulizwa kama amekula, hujibu kwamba bado, kwa kuwa hajaona ugali. Kwake mlo ni ugali, na vingine ni vya kupitisha muda. Lakini Waturuki na Waarabu, Waingereza na Wahindi, kila taifa lina mlo wake, wala neno “meal” halichagui. Kwa mchungaji wa Kiturkana, kibuyu cha maziwa anywacho asubuhi kabla ya kufuata mifugo yake ni mlo, maana ndicho chakula cha saa ile. Kwa mvuvi wa ziwani, samaki wa kuchoma asiye na ugali ni mlo kamili.

Wala samaki hakupewa heshima hiyo siku zote. Kwa Waturkana wengi wenye mifugo, chakula cha watu wenye mali kilikuwa maziwa, damu na nyama, na samaki alihesabiwa kuwa chakula cha maskini aliyekosa ng'ombe na mbuzi. Ukame na njaa ya mwaka 1960 na 1961 viliwaondolea wengi mifugo yao, na baada ya hapo Idara ya Uvuvi ikaanza kuendeleza uvuvi kwenye Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol. Watu waliokuja wakiwa na njaa wakajifunza nyavu na mitumbwi, na samaki akawa mlo wa kila siku na biashara pia. Chakula kilibadilika kabisa, lakini neno “meal” lingefaa kabla na baada, kwa sababu lahesabu wakati wa kula.

Kiswahili nacho kina neno lililopita njia ya namna hii, nalo ni “posho”. Posho kwanza ilikuwa sehemu ya chakula ipimwayo na kugawiwa mpagazi wa msafara, askari au kibarua, na kipimo kilichotumika sana ni kibaba. Kwa kuwa katika nchi nyingi za bara kilichogawiwa kilikuwa unga wa mahindi, neno la kipimo likageuka kuwa jina la unga. Ndiyo sababu kinu cha kusagia mahindi huitwa kinu cha posho, na kule Uganda hata ugali wenyewe huitwa posho. Hivyo kipimo na unga, ambavyo katika Kiingereza vilikutana kwa bahati ya sauti tu, katika Kiswahili vilikutana kwa sababu ya kazi na mshahara.

Hata hivyo posho si mlo, na jambo hili wanalijua vyema watu wa Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Kinachogawiwa pale ni posho ya siku nyingi, iitwayo kwa Kiingereza “ration”. Na mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa Bamba Chakula, ambao ulimpa mtu thamani ya fedha katika simu ili ajinunulie chakula dukani. Posho hupimwa na mgawaji, lakini milo hupimwa na mama wa nyumba. Yeye ndiye ajuaye kama mfuko uliopo utatoa milo miwili kwa siku, au mmoja, mpaka siku ya mgao mwingine ifike.

Kadhalika shuleni. Mpango wa chakula cha shule ulianzishwa mwaka 1980 na Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mwaka 2018 Serikali ikauchukua wote mkononi mwake. Barua ikisema “school meals”, maana yake ni chakula kilichopikwa, ambacho mtoto hula pale pale shuleni kwa saa iliyowekwa. Mzazi atakayefasiriwa kwamba shule inatoa unga atakuja na gunia lake, naye atarudi nalo tupu, akidhani kwamba ameonewa. Hakuna aliyemwonea ila tafsiri mbaya.

Lakini mahali ambapo neno hili laweza kuleta hatari kubwa ni zahanati. Juu ya bahasha ya dawa huandikwa mara nyingi, “Take one tablet three times a day after meals,” yaani, “Meza kidonge 1 mara 3 kwa siku, baada ya kula.” Aliyeandika hivyo huchukulia kwamba mgonjwa hula asubuhi, adhuhuri na jioni. Wakati wa kiangazi, mifugo ikiwa mbali na ziwa likiwa gumu, wako watu wengi ambao hula mara moja tu, jua likishazama. Fikiri mzee aliyepewa bahasha hiyo, naye amwomba kijana aliyesoma amfasirie.

“Mwanangu, karatasi hii yasema nini?”

“Yasema, mzee, umeze kidonge kimoja baada ya kula, mara tatu kwa siku.”

“Na mimi nala jioni tu. Basi nimeze kimoja?”

Hapo kijana ana njia tatu. Akisema, “Ndiyo, kimoja,” dawa itakuwa haba na ugonjwa hautashindwa. Akisema, “Meza vyote vitatu jioni,” huenda akamdhuru mzee. Njia njema ni ya tatu: “Ngoja kwanza, mzee. Turudi kwa tabibu tumweleze kwamba unakula mara moja, atuambie la kufanya.”

Sababu ya kurudi ni kwamba maandishi yale yana amri mbili. “Three times a day” ni amri ya saa, ili dawa isipungue mwilini kati ya asubuhi na usiku. “After meals” ni amri ya tumbo, nayo hubadilika kwa kila dawa. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini hufyonzwa vyema zaidi ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta, na hata maziwa hufaa. Kinyume chake, rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hufyonzwa vyema zaidi tumbo likiwa tupu. Na dawa kama tetrasaiklini na siprofloksasini hupungukiwa nguvu zikinywewa na maziwa, kwa kuwa kalsiamu iliyomo katika maziwa huzishika zisiingie mwilini. Kwa hiyo kibuyu kile kile cha maziwa chaweza kuwa msaada kwa mgonjwa mmoja na kizuizi kwa mwingine. Ni tabibu anayejua, naye hawezi kushauri vema ikiwa mgonjwa anaona haya kusema kwamba hali mara tatu. Kula mara moja wakati wa kiangazi si aibu, na tabibu anahitaji kuijua habari hiyo kama anavyohitaji kujua homa ilianza lini.

Yafuatayo ni mafunzo machache kwa wale wanaosoma barua na bahasha kwa niaba ya wazee wao:

“She bought some maize meal.” Alinunua unga wa mahindi.

“He eats one meal a day.” Hula mlo mmoja kwa siku.

“We had a meal of fish and milk.” Tulikula mlo wa samaki na maziwa.

“Fish meal is good for hens.” Unga wa samaki wafaa kwa kuku.

“Take before meals.” Umeze kabla ya kula.

“Do not eat between meals.” Usile kati ya mlo na mlo.

Afasiriye asitumie “ugali” wala “posho” mahali palipoandikwa “meals” juu ya dawa, maana mgonjwa asiye na unga atakaa akiungojea, na dawa itabaki ndani ya bahasha. Aseme “kula”, kisha amwulize mgonjwa hula nini, na saa ngapi. Waingereza wa kale walilifanya neno hili kuwa jina la saa. Na kwa mgonjwa wa Kalokol, saa hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa.